Koti Lilitoka Kabla ya Neno

Nianze na kosa langu, maana kijiji kizima cha Mugoma wanalijua, na nikilificha watalisema wao, tena kwa kuongeza chumvi. Ijumaa jioni nilichukua pafyumu niliyopewa na rafiki yangu wa shule, ile ambayo ukijipulizia harufu inaingia darasani kabla yako, nikaipulizia kwenye koti la babu. Si koti la kanisani. Lile la nyuki. Koti hilo limening'inia kwenye msumari wa jikoni tangu sijazaliwa, linanuka moshi, jasho na asali iliyochacha, na babu hakubali lifuliwe hata kwa maji matupu. Nilipuliza kwenye kola, kwapani na ndani ya mifuko, nikalirudisha msumarini, nikaenda zangu nikicheka peke yangu. Nilitaka tu avae, anuse, aseme, "Nani kaniwekea mwanamke humu ndani?" Maneno hayo nilikuwa nimemtungia mimi mwenyewe, na nilishayafanyia mazoezi kwa sauti yake.

Babu yangu huniita mke mdogo. Mke mkubwa ni bibi. Ndivyo babu na mjukuu wa kike wanavyotaniana kwetu, lakini sisi tulizidisha. Akinywa chai yangu anatangaza hadi kwa majirani kwamba mke mkubwa amestaafishwa. Bibi anamjibu kwa Kihangaza, lugha yetu, kwamba sawa, amchukue huyo wa kidato cha tatu, halafu usiku magoti yakimuuma tuone nani atamkanda. Nilipopewa adhabu ya kufyeka uwanja mzima kwa kumwigiza mwalimu wa zamu mbele ya mstari, baba alikasirika wiki nzima. Babu aliniomba nimwigizie na yeye.

Jumamosi hiyo hakwenda kurina asali. Kurina ni jua likizama, na moshi wa kutosha. Alikwenda kufyeka majani chini ya mizinga yake bondeni, mwisho wa shamba la kahawa, akavaa koti kwa mazoea. Sikumwona akilivaa. Nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua maharage, masikio nimeyaelekeza jikoni, nangoja tamko langu. Tamko halikuja. Badala yake, baada ya muda, nikasikia jina la Bikira Maria likitajwa kule bondeni kwa sauti ambayo si ya sala.

Nilichomoa kijinga cha moto jikoni na kukimbia. Baba mdogo alinipita na blanketi. Tulimkuta babu anakuja anapepesuka katikati ya mikahawa, amezungukwa na nyuki kama mtu aliyevaa kofia inayotembea. Baba mdogo akamfunika, mimi nikatimua moshi, wote tukakimbia kwa kuinama mpaka uani. Mimi waliniachia alama tatu. Yeye alikuwa nazo usoni, shingoni, masikioni, na kwenye kola ndiko walikojazana zaidi. Kwenye kola. Nilipoona hivyo nikakumbuka pafyumu yangu, lakini mdomo wangu haukupata taarifa.

Kwa sababu uso wake ulianza kuvimba, na nilicheka. Naandika hivi ilivyokuwa. Mdomo wa juu ulitoka kama andazi, jicho moja likafunga, nikamwambia, "Babu, sasa ndiyo umependeza, mke mkubwa atakukataa." Na yeye akacheka. Nyuki wamemng'ata maisha yake yote, kwake ilikuwa kama kunyeshewa. Alicheka, akajikuna viganja, akajikuna tena kwa nguvu, na kicheko chake katikati kikageuka kuwa filimbi. Hewa ilikuwa inaingia kwa kupiga mluzi. Akanishika mkono, akafungua mdomo aniambie kitu, sauti haikutoka.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka, na mtu yeyote anayesema niliendelea ni mwongo.

Bodaboda iliyokuwa ikishusha ndizi kwa jirani ikaitwa kwa mayowe. Baba mdogo alitaka kupanda nyuma, dereva akamwangalia kiwiliwili chake, akaangalia kilima cha mbele, akasema apande mwepesi. Mwepesi ni mimi. Bibi alivua kitenge chake cha juu, akamfunga babu kwenye kiuno cha dereva kama mtoto anavyofungwa mgongoni, mimi nikakaa nyuma kumzuia asilale upande. Tukaondoka watatu. Barabara ile ya vumbi jekundu naijua kwa miguu, sijawahi kuiona ikienda kasi vile. Na njia nzima pua yangu ilikuwa mgongoni mwa koti lile. Harufu ya pafyumu. Kila tukiruka shimo, inanipiga upya. Nilikuwa namhesabia babu pumzi kwa kusikiliza filimbi, na kila ikichelewa nampiga kiganja mgongoni namwambia, mume wangu usinifanyie hivyo.

Kwenye kituo cha afya tulimkuta nesi nje, anaanika shuka. Mwanamke mfupi, mnene, amevaa yeboyebo za bluu, mgeni wa huku. Kwa lafudhi alitoka kusini huko mbali. Alimwona babu pikipiki haijasimama. Hakupiga kelele wala hakukimbia, ila sikumbuki hatua zake kati ya kamba ya nguo na sisi, alikuwa tu tayari yupo. Alimfungua kitenge, akamwambia dereva ashike miguu na mimi kichwa, tukamlaza ndani, miguu juu ya mto. Akachoma sindano ya kwanza kwenye paja, juu ya suruali ileile.

Kilichonishangaza ni kwamba alikuwa anaongea na babu. Babu amefumba macho yote mawili, midomo imekuwa ya bluu, na yeye anamwambia, "Babu, mimi ni nesi. Nimekuchoma sindano pajani. Moyo utaenda mbio kidogo, ni dawa, usiogope. Sasa naweka hii puani." Kama anampokea mgeni sebuleni. Na bila kugeuka akauliza, "Mke wake yuko wapi?"

"Mimi hapa," nikasema.

Sikutania. Ni mazoea tu, mtu akiuliza mke wa babu mimi huitika kabla sijafikiri. Nesi akageuka, akaiona fulana yangu ya michezo ya shule, akanitazama usoni. Dereva wa bodaboda akataka kutoka nje.

"Wewe ni mke mdogo," nesi akasema.

"Ndiyo."

"Mke mkubwa anakuja?"

"Yuko njiani, kwa miguu."

"Haya. Amechomwa saa ngapi?"

Nikamwambia ni mimi. Yaani hakuuliza nani, aliuliza saa ngapi, lakini kilichotoka ni hicho: ni mimi nimemuua, nimempulizia pafyumu kwenye koti, nyuki hawapendi, nilijua hawapendi. Nesi alikuwa anatafuta mshipa mkononi. Mkono ulivimba hata koti halikuvuka kiwiko, akachukua mkasi akalichana kuanzia kwenye kifundo mpaka begani. "Hilo tutaliongea," akasema. "Hujaua mtu, huyu hapa anapumua. Sasa hivi nataka saa."

Nikafikiria maharage. Nilikuwa nimefika nusu ya ungo. "Kama saa mbili na nusu."

"Asante. Hiyo imenisaidia sana."

Sijui kama kweli ilimsaidia. Ila nilisimama sawa.

Tabibu alikuwa chumba cha pili na mama aliyekuwa anajifungua, wakawa wanasemezana kupitia mlango: dawa gani, kiasi gani, gari la wagonjwa lipigiwe simu. Gari lilikuwa upande wa Kibimba limebeba mtu mwingine. Litakuja, lakini si sasa. Filimbi ya babu ilipungua kidogo. Ndipo nje tukasikia watu.

Kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Bibi alikuja na baba mdogo, na nyuma yao jumuiya nzima, waliotoka shambani na majembe begani, waliotoka jikoni na watoto, na mama mmoja aliyeshika rozari mkono mmoja na kuku mkono mwingine kwa sababu alikuwa anampeleka sokoni na hakupata pa kumwacha. Walijaa ubarazani, wote wanataka kuingia, wote wanaongea. Mimi nilidhani nesi atawafukuza. Nimeona manesi wakifukuza watu kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Alitoka akamtafuta bibi kwa macho. Hakuna aliyemwonyesha. Alimtambua tu, labda kwa kuwa alikuwa ndiye pekee asiyeongea. Akachuchumaa mbele yake pale kwenye benchi, akampa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama."

Mimi moyoni nikasema huyu naye, mzee anakufa yeye anaamkia. Lakini bibi aliitika marahaba, kwa sababu shikamoo huwezi kuiacha hewani, na alipoitika mabega yakashuka. Watu wakanyamaza ili wasikie. Nesi hakungoja zaidi. Alisema mzee yuko hai. Alisema ni mgonjwa sana. Sumu ya nyuki imefunga njia ya hewa, amempa dawa ya kuifungua, imeanza kufanya kazi, lakini hawezi kusema amepona, maana inaweza kurudi. Alisema atatoka mlangoni pale kila baada ya dakika kumi. "Hata kama sina jipya nitatoka, niwaambie sina jipya."

Bibi alinitazama. Kiswahili cha bibi ni cha sokoni, kinajua debe, kinajua punguza, kinajua sitaki. Mambo ya njia ya hewa hakina. Nikamtafsiria. Nesi akauliza watu kama huyu binti anaweza kuwa mdomo wao, awe anaingia na kutoka, awaambie kila kitu kwa lugha yao, badala ya watu ishirini kuuliza kwa pamoja.

Watu wakatazamana kwa aibu. Kisha baba mdogo akasema, kwa heshima zote, daktari, mtafute mwingine. Huku kila mtu wa dawa ni daktari. Akaeleza kwamba huyu ni mtu wa masihara, kwamba mwezi uliopita aliitangazia jumuiya kuwa paroko anakuja kula chakula cha mchana, na kuku akachinjwa. Mama mwenye kuku alisema kwa sauti ndogo, "Wangu." Na akamkumbatia huyo aliyebaki.

Nesi aliniangalia kwa muda. Nilidhani nimeachishwa kazi. "Babu yake anamwita mke mdogo," akawaambia. "Basi nitamtumia yeye. Atasema ninavyosema mimi. Akibadilisha neno, nitaliona kwenye uso wa bibi."

Ndivyo nilivyopata cheo. Dakika kumi za kwanza nilitoka nikasema bado, hakuna jipya, na nesi alikuwa nyuma yangu mlangoni kama alivyoahidi. Dakika kumi za pili nikasema presha imepanda kidogo, na kwamba kwa leo presha kupanda ni habari njema, ilinibidi kurudia mara tatu, kwa maana sisi tunajua presha ikipanda watu wanapooza. Nilianza kunogewa na kazi. Niliongeza hata mkono, hivi, kama mtangazaji. Bibi hakucheka, lakini aliacha kuuma ncha ya kitambaa cha kichwani. Alikuwa ameijua saa sasa. Baba mdogo alimshikia simu, akawa anaangalia dakika, na dakika ya kumi ikifika anainua uso kuelekea mlangoni, na mlango unafunguka. Sijui nieleze vipi. Mlango ule ulikuwa unamshika mkono.

Kisha nikaharibu.

Ndani, nyuki mmoja alitoka kwenye lile koti lililochanwa, akazunguka taa. Nesi akamuua kwa kitambulisho chake. Akalikagua koti, akaona ndani ya bitana wengine wamenasa, wanatambaa. Akalikunja haraka, akanipa: "Toa hili nje, mbali, kabla hajang'atwa tena." Akageukia dripu.

Nikatoka nalo mikononi. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikuwa na neno. Lilikuwa karibu na uso wangu, harufu ya moshi na asali na ile yangu juu yake, tamu, ya kijinga, na mkono wake umechanwa umening'inia. Nilisimama ubarazani nimelibeba kwa mikono miwili, machozi yananitoka. Dakika kumi hazikuwa zimefika.

Sasa, kwetu nguo za mgonjwa hazitoki kabla yake. Mgonjwa akipona anatoka amezivaa. Zikitoka zimekunjwa, mikononi mwa mtoto anayelia, hakuna haja ya kutafsiriwa.

Bibi hakupiga kelele. Alitelemka tu kutoka kwenye benchi akakaa chini, miguu imenyooka mbele, akavua kitambaa cha kichwani. Wengine ndio waliopiga. Baba mdogo alijitupa ukutani. Jumuiya ilianza wimbo wa maziko ubeti wa pili, sijui wa kwanza waliuacha wapi. Kuku akaachiwa. Na dereva wa bodaboda, ambaye muda wote alikuwa akitafuta namna ya kusaidia, aliwasha pikipiki akaondoka kupeleka taarifa kigangoni, ambako kuna rimu ya lori imening'inizwa na katekista huipiga mtu akifariki. Mimi nilikuwa nafungua mdomo. Nilikuwa nasema hapana, hapana, ni nyuki. Nani asikie? Na wangesikia, mimi ndiye wa paroko.

Nesi alitoka. Aliona mara moja, alilitazama koti, akamtazama bibi pale chini, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekanyaga mtoto. Alinichukulia lile koti akalitupa uani mbali. Hakujaribu kuushinda ule wimbo. Alikaa chini kwenye saruji mbele ya bibi, na yeye miguu imenyooka, yeboyebo zikagusa nyayo za bibi, akamshika mikono.

"Mama, yuko hai. Kosa ni langu, nimetoa nguo kabla ya neno. Njoo umwone mwenyewe."

Nikatafsiri. Bibi hakunitazama mimi. Alimtazama yeye, muda mrefu, kisha akatoa mkono ainuliwe. Wakaingia, na mimi nyuma yao, na wimbo ukafia njiani, sauti moja baada ya nyingine.

Babu alikuwa pale, amevimba, mwekundu, anapumua. Bibi aliweka kiganja kifuani kwake, akakiacha hapo kikipanda na kushuka. Nesi akamletea stuli. Nadhani sheria ya kituo ilikuwa ndugu wakae nje, kwa sababu tabibu alichungulia, akafungua mdomo, nesi akamtazama, akaufunga.

Ningependa kuishia hapo. Lakini haikuwa hata nusu saa, filimbi ikarudi.

Niliisikia mimi kwanza, nilikuwa nimeshakuwa fundi wa filimbi ile. Nesi alikuwa tayari anavuta dawa kwenye sindano. Nikangoja amwambie bibi atoke. Hakumwambia. Alisema, huku mikono inafanya kazi, "Mama, imerudi. Nilisema inaweza kurudi. Nampa sindano nyingine. Wewe shika miguu yake, iwe juu hivi. Nikikwambia sogea, sogea."

Nilitafsiri. Bibi akashika miguu. Midomo ya babu ilikuwa inarudi kuwa ya bluu, na kifua kinavuta kwa nguvu, kinavuta kitu kisichoingia. Bibi akaniuliza kwa Kihangaza, bila kuondoa macho miguuni, kama atakufa.

Nilikuwa na majibu. Mimi huwa nina majibu. Ningeweza kumwambia atapona, daktari amesema, kesho anadai togwa. Ningeweza kusema hajambo anatuzingua tu. Nesi hajui Kihangaza, nani angejua? Halafu nikakumbuka alivyosema ataliona usoni. Nikageuka nikamuuliza, "Bibi anauliza kama atakufa."

Nesi hakuacha kazi. "Mwambie sijui," akasema. "Anaweza. Nafanya yote ninayoyajua, na siondoki hapa."

Neno sijui kwa Kihangaza ni fupi. Sijawahi kubeba kitu kizito kama hicho, na nimebeba ndoo kutoka bondeni. Nilimwambia bibi vilevile, yote, na lile la kwamba haondoki. Bibi aliitikia kwa kichwa. Nilitegemea aanguke. Badala yake aliipandisha miguu ya babu juu ya mapaja yake vizuri zaidi, akaanza kumsema. Si kumlilia. Kumsema. Kwamba shamba la maharage halijaisha, kwamba ameahidi kuezeka jiko tangu mvua za mwaka juzi, kwamba akienda sasa magoti yake yatakandwa na nani huko. Nesi akaniuliza bibi anasema nini. Nikamtafsiria, na nesi akasema, "Mwambie aendelee. Masikio yake yanafanya kazi."

Basi mimi nikaongeza la kwangu. Nikainama sikioni nikamwambia mume wangu, kuna jambo nataka kukuambia, na siwezi kukuambia ukiwa hivi, maana hutaweza kunikasirikia. Amka kwanza.

Hakuamka kama kwenye maigizo ya shule. Filimbi ilishuka kidogokidogo, kama redio inayoishiwa betri, mpaka ikawa mkoromo wa kawaida wa mzee aliyelala. Midomo ikarudi rangi yake. Nesi alishika mpigo wa mkono, akaangalia saa, akaangalia tena. Kisha akatoka mlangoni, na mimi nikatoka naye, na kabla sijasema chochote nilionyesha mikono yangu mitupu kwa watu wote. Sikubeba kitu. Nikasema yuko hai, sindano ya pili imeshika, gari liko njiani. Mama wa kuku ndiye wa kwanza kupiga kigelegele. Baba mdogo alikuwa kwenye simu anambembeleza katekista aache kupiga rimu.

Gari la wagonjwa lilipofika, nesi aliongea na bibi tena, kwamba kule hospitali watamwangalia siku mbili kwa sababu hali hii inapenda kurudi. Mimi akanivuta pembeni karibu na kamba ya shuka. Alisema aliahidi tutaongea. Alisema ndiyo, harufu inaweza kuwachokoza nyuki, na nisirudie. Lakini kilichotaka kumuua si pafyumu. Ni mwili wake uliochoka na ile sumu baada ya miaka yote ya kung'atwa, hata nyuki mmoja wa siku nyingine angeweza kuleta haya. "Usibebe kisicho chako," akasema. "Kilicho chako mwambie mwenyewe."

Babu alirudi nyumbani Jumatatu mchana, jicho moja bado halijafunguka vizuri. Kitu cha kwanza alichokiona ni shimo. Rimu ya kigangoni ilipopigwa, vijana wa jirani hawakungoja simu. Waliingia migombani nyuma ya nyumba wakaanza kuchimba, na walikuwa wamefika usawa wa magoti walipoambiwa wapumzike. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kulifukia. Babu alilizunguka na fimbo yake. Alisema limechimbwa ovyo, upande mmoja mpana kuliko mwingine, na kama wangemzika humo angelala amejikunja. Kisha akaniagiza samadi.

Nilileta makarai matatu. Alikuwa amekaa kwenye kiti ukingoni, bibi anachagua chipukizi la mgomba. Nilipomwaga la tatu nikabaki nimeinama humo shimoni, nikasema nikiangalia samadi, kwamba pafyumu niliiweka mimi.

Babu alichokoa udongo kwa fimbo. Alichokoa muda mrefu sana.

"Nilinusa," akasema. "Nilinusa bado sijafika hata mlangoni. Nikasema nikilivua, mke mdogo atajua kanipata."

Niliinua uso. Alikuwa anatazama pembeni, mdomo wa juu ungali mkubwa, na hakuwa anacheka, alikuwa anajizuia. Bibi alisimama na chipukizi mkononi, akatutazama mimi na yeye, yeye na mimi. Alisema kwa Kihangaza kitu ambacho sikitafsiri. Kisha akashuka shimoni akanisukuma nipishe, akausimamisha mgomba, tukafukia.

Mizinga sasa ni ya baba mdogo. Nesi na daktari wa hospitali wote walimkataza babu kusogea karibu na nyuki tena, na hilo ndilo analoomboleza kweli. Jua likizama anakaa juu kabisa ya shamba, kwenye kiti kilekile, anampigia baba mdogo kelele kwamba anashika moshi kama anayeshika mjusi. Koti nimelishona mimi, kwa uzi mweusi kwa kuwa sikupata wa kahawia, mkono mmoja umetoka mfupi. Baba mdogo anakataa kulivaa. Anasema bado linanukia.

Ni kweli. Bado.